Shajara ya mradi: reni 29, ghala moja la chakula na lahajedwali

6 Januari: Kusudi na vifaa

Mradi huu unatafuta jibu la swali moja: kwa nini idadi ya wanyamapori katika eneo fulani hukoma mahali inapokoma, na kwa nini wakati mwingine haikomi bali huporomoka. Nilitaka jibu ambalo mtu anaweza kulijenga mwenyewe seli kwa seli, ili aone kila kiungo kinafanya kazi gani. Kifaa ni lahajedwali ya kawaida, yaani programu ya kompyuta ya majedwali na fomula, ya aina yoyote ile. Gharama nitaziandika kwa saa, kwa kuwa sikutumia kitu kingine.

Kipimo cha ukweli nilichokichagua ni kisiwa cha St. Matthew, kilichoko katika Bahari ya Bering. Mwaka 1944 walinzi wa pwani wa Marekani walipeleka huko reni 29, yaani kulungu wa Aktiki, wawe akiba ya chakula cha dharura kwa kituo chao kidogo. Kituo kilifungwa muda mfupi baadaye, wanyama wakabaki. Hapakuwa na mbwa mwitu, na ardhi ilifunikwa na kuvumwani, ule ushirika wa kuvu na mwani ambao ndio tegemeo la reni wakati wa baridi. Mtafiti David Klein alihesabu wanyama 1,350 mwaka 1957, kisha 6,000 mwaka 1963. Aliporudi mwaka 1966 alikuta 42.

Nilikipenda kisiwa hiki kwa sababu hakuna anayeingia wala anayetoka. Hakuna kuhama, hakuna mwindaji wa kulaumiwa, na anayebaki ni mnyama na chakula chake.

13 Januari: Ukuaji usio na breki (saa 2)

Hatua ya kwanza ilikuwa rahisi: safu wima ya mwaka, safu wima ya idadi, na kiwango cha ukuaji katika seli E1. Hata hivyo, kundi langu la kwanza lilianza na wanyama 29, likafika 39, kisha likafa lote mwaka 1946. Nilikaa karibu nusu saa nikitafuta sababu ya kibiolojia kabla ya kugundua kwamba fomula B2*E1 niliponakili kwenda chini iligeuka kuwa B3*E2, na E2 ilikuwa tupu. Anayefuata kazi hii aandike $E$1 tangu mwanzo, ili fomula ishike seli ile ile hata ikinakiliwa. Alama hizo mbili za dola ndizo zilizookoa kundi.

Kiwango nilikipata kwa kugawanya 1,350 kwa 29 na kutafuta kipeuo cha kumi na tatu cha jibu: kundi lilizidishwa kwa takriban 1.344 kila mwaka. Kabla ya kukiamini nilikipima kwa akili ya kawaida. Reni jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, kwa hiyo kama nusu ya kundi ni majike, wote wakazaa na asife hata mmoja, kundi haliwezi kuzidi mara 1.5. Kwa hiyo 1.344 ni kasi kubwa, lakini haivuki mpaka wa maumbile.

Kwa kiwango hicho lahajedwali inatoa wanyama 1,354 mwaka 1957, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa nimeilazimisha. Mwaka 1963 inatoa 7,979 mahali ambapo Klein alihesabu 6,000, na mwaka 1966 inatoa zaidi ya 19,000. Tofauti ya 1963 ndiyo iliyonivutia. Kasi halisi kati ya 1957 na 1963 ilikuwa imeshuka hadi takriban 1.28, maana yake uhaba ulikuwa umeanza kuuma huku idadi ikiendelea kupanda. Miili ya wanyama ilisema hivyo hivyo, kwani uzito wao ulikuwa umepungua kwa zaidi ya theluthi moja katika kipindi hicho.

27 Januari: Breki ya Verhulst, na kwa nini nimeiacha (saa 5)

Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst alipendekeza fomula ambayo hadi leo hufundishwa mwanzoni mwa somo hili: idadi mpya ni N + rN(1 − N/K), ambapo N ni idadi ya sasa, r ni kiwango cha ongezeko kwa mwaka, na K ni uwezo wa mazingira, yaani idadi ambayo eneo linaweza kuihimili. Kundi likiwa dogo, mabano yanakaribia moja na wanyama huongezeka kwa kasi. Likikaribia K, mabano yanakaribia sifuri na ongezeko linakoma.

Niliweka r kuwa 0.344 na K kuwa 6,000. Kundi lilipanda kwa ustaarabu, likapunguza mwendo, likatulia. Nikajaribu K tofauti, kuanzia 3,000 hadi 20,000, na kila mara nikapata mchoro ule ule uliovutwa kwenda juu au chini. Hakuna K hata moja iliyotoa maporomoko, wala haiwezi kutoa, kwa sababu kwa r ndogo kiasi hicho kundi linaloikaribia K kutoka chini halina njia ya kuivuka.

Hapo nikafanya kosa ambalo nadhani wengi hulifanya: nilianza kuchezea namba hadi mchoro upendeze. Nilipandisha r hadi 2.8, na kweli nikapata maporomoko, tena mengi, idadi ikiruka juu na chini bila mpangilio unaojirudia. Fomula hii ikihesabiwa kwa hatua za mwaka mmoja mmoja huanza kuyumba r inapopita 2, na ikipita takriban 2.57 huingia katika vurugu ambazo mtafiti Robert May alizieleza mwaka 1976. Kwa mdudu anayetaga mamia ya mayai hilo lina maana. Kwa reni, r ya 2.8 inadai kila mnyama, dume na jike, awe karibu wanne kufikia mwaka ujao. Nilikuwa nimepata umbo sahihi kwa sababu isiyowezekana, na saa tatu kati ya tano ziliishia hapo.

Kasoro haikuwa katika r. Fomula ile inachukulia kwamba chakula hurudi chote kila mwaka, hata kama jana kililiwa hadi mizizi. K niliiandika mimi kwa mkono wangu, na kundi halikuwa na uwezo wa kuibadilisha. Kisiwani kundi lenyewe ndilo lililokuwa likiila K.

10 Februari: Ghala la kuvumwani (saa 7)

Nimeiondoa K na mahali pake nikaweka ghala. Kipimo changu ni mgao, yaani chakula cha mnyama mmoja kwa majira ya baridi moja. Ghala linaanza na migao 30,000. Namba hii sikuipima popote. Niliichagua kwa sababu kundi linalokua kwa 1.344 linakuwa limekula zaidi ya migao 20,000 kufikia 1963, nami nilitaka upungufu uanze karibu na mwaka huo. Kuvumwani huota polepole mno, kwa hiyo salio linaongezeka kwa asilimia 3 tu, na ongezeko hilo nalo linapungua kadiri ghala linavyokaribia kujaa.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Nilitoa chakula kilicholiwa katika ghala lakini nikasahau kuunganisha ghala na uhai wa wanyama. Mwaka 1964 akiba ilishuka chini ya sifuri kwa zaidi ya migao 10,000 na kundi likaendelea kunenepa, reni wakiishi kwa mkopo.

Marekebisho yaliongeza safu wima mbili. Ya kwanza ni chakula kinachofikika, ambacho nimekiweka kuwa nusu ya akiba, kwa sababu theluji na barafu hufunika sehemu na mnyama hawezi kuchimba kila mahali. Ya pili ni uwiano wa chakula hicho kwa idadi ya wanyama. Uwiano ukiwa 1 au zaidi, wote wanashiba. Ukiwa chini ya 1, mtu anapaswa kuamua nani anakosa, na uamuzi huo ndio uliochukua wiki mbili zilizofuata.

Kabla ya hapo, kuna jambo moja lililonishtua katika safu hizi. Mwaka 1962 wanyama 5,937 wanaingia majira ya baridi wakiwa na migao 14,091 ghalani, 7,046 kati yake ikifikika. Kila mmoja anashiba. Anayeangalia safu ya idadi peke yake haoni dalili yoyote ya hatari, na majira moja baadaye akiba ni 8,333 mbele ya midomo 7,979.

24 Februari: Nani anakosa? (saa 6)

Toleo la kwanza lilifuata sheria ya mwenye nguvu. Chakula kikiwatosha wanyama 4,166, basi 4,166 wanashiba kabisa na waliosalia wanakufa. Ndivyo ilivyo kwa wanyama wanaomiliki maeneo: mwenye eneo anakula na kuzaa, asiye nalo hana chake. Kundi lilishuka, lakini kwa ngazi: takriban 5,600 kiangazi cha 1964, 2,870 mwaka uliofuata, na 1,476 mwaka 1966. Huo ni upungufu mkubwa, ila hauko karibu na 42.

Toleo la pili liligawa njaa kwa wote. Wanyama wanaolisha pamoja katika uwanda ulio wazi hawana mpaka wa kulinda. Kila kichwa kinachoinama kinapunguza kilichobaki kwa jirani, na mwishowe wote wanapata chini ya mahitaji. Niliandika sheria kwamba anayepata mgao mzima anaokoka, anayepata nusu au pungufu anakufa, na kati ya hapo uwezekano wa kuokoka unapanda kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1963 kila mnyama alipata asilimia 52 ya mgao wake. Kati ya 7,979 walibaki takriban 354.

Chakula kilikuwa kile kile na midomo ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kugombania. Sheria ya mwenye nguvu ni katili kwa mmoja mmoja lakini inalinda kundi, kwa sababu walioshiba wanabaki na nguvu ya kuzaa. Kugawana sawa kunawadhoofisha wote kwa pamoja, na wote wanafika ukingoni majira yale yale. Mwaustralia A. J. Nicholson alizitenganisha aina hizi mbili za ushindani, na mwaka 1954 alichapisha majaribio ambamo nzi wa kondoo waliofugwa kwenye vizimba kwa chakula cha kiasi kisichobadilika walipanda na kuporomoka kwa zamu, tena na tena. Ningesoma kuhusu vizimba vile mapema ningeokoa wiki moja.

3 Machi: Seli niliyotamani kuidanganya (saa 2)

Nilikuwa na 354 na nilitaka 42. Majira ya baridi ya 1963 hadi 1964 yalikuwa makali kuliko kawaida, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kupunguza chakula kinachofikika mwaka huo peke yake. Nikishusha sehemu inayofikika kutoka asilimia 50 hadi 48.5, wanaobaki ni 104. Nikiishusha hadi 48, wanabaki 20. Mahali fulani katikati ya hizo mbili iko 42, na ningeweza kuipata kwa dakika tano, kisha nikaonyesha mchoro unaogusa kila nukta.

Sikufanya hivyo, na yeyote atakayeinakili lahajedwali hii namwomba asifanye. Ikiwa nusu moja ya asilimia inatosha kubadilisha 104 kuwa 20, namba yenyewe haina uzito. Chenye uzito ni kwamba kundi lililokwisha kula akiba yake linakaa juu ya wembe, na theluji kidogo inaamua kama watabaki mamia au makumi. Ubaridi ule ulivunja kundi lililokwisha kuchoka. Lingekuwa na wanyama 1,350 lingeupita.

Nimeacha asilimia 50.

16 Machi: Kosa la wastani (saa 4)

Kisiwa kina ghala linalojazwa polepole. Mbuga za nyasi ni kinyume chake: nyasi hurudi kila mvua, na zisizoliwa hukauka. Kwa hiyo nilijenga ukurasa wa pili ambao chakula chake hakihifadhiki. Majira ya mvua yana migao 10,000, kiangazi kina 2,000. Uvivu ulinifanya nichukue wastani, 6,000, na kundi likatulia kwenye 6,000 bila tatizo.

Tatizo ni kwamba hakuna mnyama anayekula wastani. Nilipozitenganisha safu, kundi lilitoka kiangazi na wanyama 2,000, likazaa hadi 2,688 wakati wa mvua, likarudi 2,000, na likaendelea hivyo miaka yote. Migao zaidi ya 7,000 ya majira ya mvua haikuguswa. Niliongeza chakula cha mvua hadi 20,000 na idadi haikubadilika hata kwa mnyama mmoja. Niliongeza cha kiangazi kwa 500 na kundi likaongezeka kwa 500. Tangu hapo nimekuwa na mashaka na kila hesabu ya uwezo wa malisho inayotoa namba moja kwa mwaka mzima.

Nyumbu wa Serengeti ni mfano mkubwa wa jambo hili. Sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe na jamaa zao, iliwabana kwa miongo mingi, na ilipotoweka baada ya ng'ombe kuchanjwa, nyumbu waliongezeka kutoka takriban robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni 1.2 mwishoni mwa miaka ya 1970. Kisha wakatulia, na kilichowatuliza ni chakula cha kiangazi. Pundamilia wa eneo hilo hilo hawakupanda namna ile, kwa sababu sotoka haikuwagusa jamii ya farasi; kwao hapakuwa na mzigo wa kutuliwa.

Nyumbu hawakuporomoka kama reni, na ukurasa wa pili unaonyesha sababu. Nyasi zinazorudi kila mvua hazibebi deni la mwaka jana, hali kuvumwani hulibeba kwa miongo.

6 Aprili: Spishi ya pili, na siku tatu za furaha ya bure (saa 9)

Ukurasa wa tatu una spishi mbili zinazokula chakula kimoja, kwa fomula za Lotka na Volterra za miaka ya 1920. Kila spishi ina K yake, na kila moja inahisi uzito wa mwenzake kupitia kizidishi. Ndiyo, K imerudi, kwa kuwa hapa swali ni nani anabaki, na ghala mbili kwa pamoja zilinishinda kuzifuatilia. Spishi ya kwanza ina K ya 1,000, ya pili 800. Nilikusudia mnyama mmoja wa kwanza awe mzigo wa 1 kwa wa pili, na mmoja wa pili awe mzigo wa 0.5 kwa wa kwanza.

Lahajedwali ilitoa 400 na 600, wakiishi pamoja kwa amani. Nilifurahi, na kwa siku tatu nilikuwa nikiandika maelezo marefu kuhusu namna wanyama wanavyogawana mazingira. Siku ya nne nilijaribu kuhakiki kwa kalamu. Kanuni inasema spishi ya pili inaokoka ikiwa tu mzigo inaobebeshwa ni mdogo kuliko 800 kugawanya kwa 1,000, yaani 0.8. Mzigo niliokusudia ulikuwa 1. Ilipaswa kutoweka. Nilikuwa nimebadilishana vizidishi viwili, cha F2 kikiwa F3, na sikushuku kwa sababu jibu lilikuwa lile nililolipenda. Nilipovirudisha mahali pake, spishi ya kwanza ilifika 1,000 na ya pili ikafikia sifuri.

Ushauri kwa anayefuata: weka jina la maneno kando ya kila kizidishi, kwa mfano "mzigo wa kwanza juu ya pili". Alama zenye tarakimu mbili, kama α12 na α21 za vitabuni, zinadanganya macho yaliyochoka.

Baada ya kurekebisha nilijaribu kumwokoa mshindwa kwa kumpa kasi ya kuzaa maradufu. Alipanda haraka mwanzoni, akaongoza kwa muda, kisha akatoweka vile vile. Kasi iliamua nani anatangulia. Mizigo na K viliamua nani anabaki. Kilichomwokoa ni kupunguza mzigo hadi chini ya 0.8, na porini hilo linamaanisha kula kitu kingine, au mahali pengine, au saa nyingine. Mrusi Georgy Gause aliliona hilo katika miaka ya 1930 katika mirija ya maabara. Paramecium aurelia, kiumbe cha seli moja, ilimwondoa ndugu yake P. caudatum walipofugwa pamoja, lakini P. caudatum huyo huyo aliishi na P. bursaria, kwa kuwa mmoja alilisha katika maji ya juu na mwingine chini kwenye mashapo.

27 Aprili: Madume na majike (saa 5, haijakamilika)

Nimerudi kisiwani kwa sababu ya kasoro iliyokuwa ikinisumbua tangu Februari. Reni wangu 354 waliookoka walikuta chakula kinachowatosha, wakaanza kuongezeka tena kwa 1.344 mwaka uliofuata. Wale wa kweli hawakuongezeka. Kati ya 42 waliokutwa mwaka 1966, 41 walikuwa majike, na dume pekee aliyekuwepo hakuonekana kuwa na uwezo wa kuzalisha. Ndama hapakuwa na hata mmoja. Fomula yangu ilihesabu vichwa na kudhani kila kichwa ni nusu ya wazazi.

Madume huingia majira ya baridi wakiwa wamechoshwa na msimu wa kupandana, hivyo njaa huwawahi wao. Nimegawa safu ya idadi mara mbili na kuwapa madume sheria kali zaidi: anayepata chini ya asilimia 55 ya mgao anakufa. Asilimia 52 ya mwaka 1963 inawamaliza wote, na majike 177 wanabaki. Safu ya ndama nimeifunga kwa sharti kwamba pasipo na dume jibu ni sifuri, na sharti hilo linafanya kazi.

Kwenye kisiwa halisi kundi lilikuwa limekwisha kutoweka kufikia miaka ya 1980. Kwenye lahajedwali, majike 177 bado wako hai mwaka 1990 na kuvumwani inawaotea miguuni, kwa sababu sijaandika safu wima ya uzee.

Ndiyo kazi ya wiki ijayo.